Sikio Moja Kwenye Simu

Shemeji yangu alipiga simu asubuhi. Alinisalimia vizuri, akaniuliza nimelalaje, halafu akasema kwa upole, "Shemeji, kaka yangu alikuwa na sura nzima. Mbona mimi nimeletewa sikio tu?"

Nilicheka, ingawa jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Mchana ule alikuwa anakwenda kupasuliwa macho. Daktari hakumficha: huenda angeona vizuri kuliko sasa, huenda asingeona tena. Kaka yake, mume wangu, tulipomzika, ugonjwa ulimzuia kusafiri. Kwa hiyo alikuwa ameomba kitu kimoja, amtazame vizuri kabla ya kufungwa bandeji.

Mjukuu wangu wa kike, anayejifunza kutengeneza kurasa za mtandao, alikuwa amemtengenezea ukurasa. Alikusanya picha za babu yake tangu ujana, akazipanga moja chini ya nyingine, na chini ya kila picha akaweka maneno ya ndugu aliyeitoa. Kwenye kompyuta yake ukurasa ulikaa katikati, raha kuutazama. Tulipoufungua kwenye simu yangu, tukakuta kila kitu kimesukumwa kulia na nusu ya picha imetoka nje ya kioo. Ukitaka pua, uvute kwa kidole. Ukiipata pua, maneno yamekukimbia.

"Ulipimaje?" nikamuuliza.

"Kama babu," akasema, akanionyesha rula ya chuma.

Babu yake alikuwa mchapaji. Alichapa kadi za harusi, vyeti, na matangazo ya misiba, na wenzake kazini walimwita Katikati, kwa sababu mstari ukiegemea upande hata kidogo alikosa raha mpaka aurudie. Alipima upana wa karatasi, akapima mstari, akatoa, kilichobaki akakigawa mara mbili. Akirudi nyumbani alinukia wino hata baada ya kuoga, na mimi sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa naipenda harufu ile. Mjukuu alipokuwa mdogo, alimwekea kiti kirefu karibu na mashine, akampa vipande vya karatasi aandike majina, apime na yeye. Akikosea, hakumwambia amekosea. Alimuuliza tu, "Huyu uliyemwandika hapa, unaona amekaa vizuri?" Mtoto akajitazamia mwenyewe, akapima upya.

Sasa mtoto huyo, aliyekwisha kuwa mtu mzima, alikuwa ameiweka rula ile ile juu ya kioo cha kompyuta, akapima nafasi ya kushoto, akaiandika kwa namba kwenye CSS, ile lugha ya kuupangia ukurasa. Akaipunguza namba mpaka simu yangu ikakubali. Lakini kwenye kompyuta babu yake akahamia ukutani kushoto, na kwenye simu ya shemeji picha bado haikuingia yote.

"Afadhali," shemeji alisema tulipompigia. "Sasa nimepata na shavu. Endeleeni, pengine kufika jioni nitapata kidevu."

"Jioni utakuwa hospitali, babu mdogo," mjukuu akamwambia.

"Ndiyo maana nawaambia mwende haraka, mama. Sina neno lakini."

Nilimletea mjukuu chai, kwa kuwa sikuwa na msaada mwingine. Aliiweka rula mezani, akakaa akiitazama.

"Bibi," akasema, "babu alikuwa anaijua karatasi kabla hajaanza. Mimi siijui. Kila mtu ana karatasi yake mkononi."

Akaifuta namba. Akaandika kwamba picha isizidi upana wa kioo, na kushoto na kulia akaandika neno moja tu, auto. Nikamuuliza ndiyo nafasi kiasi gani.

"Sijasema kiasi. Nafasi yoyote itakayobaki, simu yenyewe iigawe sawa pande zote mbili."

"Na isipobaki?"

"Basi picha inajipunguza mpaka iingie."

Akalishika dirisha la kompyuta kwa pembeni, akalibana mpaka likawa jembamba kama simu, kisha akalipanua tena. Mume wangu alipungua, akakua, akapungua, na muda wote alikuwa pale katikati, ananitazama. Nilimwomba mjukuu arudie. Hakuniuliza kwa nini, alirudia tu, tena polepole.

Tukampigia shemeji, tukamwambia aufungue upya.

"Shemeji?" nikaita.

"Nipo. Macho yote mawili. Na shati hili ni langu. Aliliazima kwangu siku ya picha, hakurudisha mpaka leo."

"Alilipenda," nikasema.

"Nilijua. Ndiyo maana sikumdai."

Akaanza kushuka picha kwa picha, akisoma maneno ya ndugu kwa sauti, taratibu, kama anayeonja. Mengine aliyasoma mara mbili. Mjukuu wangu alikuwa ameegemea bega langu, wala hakuna aliyekata simu. Kisha tukasikia honi mlangoni kwake, na shemeji akamwambia dereva aliyekuja kumchukua, "Nina kaka yangu hapa, nisubiri kidogo."

Tukasikia injini ikizimwa.