Kopo la Bluu

Nikutegee kimoja, wewe uliyejikunyata hapo. Nje kavaa nguo ya bei mbaya, ndani ana tumbo la kuokoteza. Mtoto akimwona huchekelea, mama akimwona hushukuru, na anayeijua siri yake moyo haumtulii. Ni nani huyo?

Usikurupuke kujibu. Mwanamke ninayekusimulia habari zake alikuwa fundi wa vitendawili hivi kwamba mtaa mzima ulimwita Bi Tega. Hata mwuza mkaa hakuwa akimpimia mkaa mpaka ategwe kwanza, na akishindwa amwongezee vipande viwili vya juu. Lakini hiki, alichokitega kwa mikono yake mwenyewe, kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na aliyekilipia alikuwa mjukuu wake.

Bi Tega aliishi na bintiye, mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, na mtoto wa binti huyo, kitoto cha kike cha miezi saba. Vyumba viwili, jiko mlangoni, cherehani ya Bi Tega pembeni, kabati lenye mguu mmoja wa tofali. Baba wa mtoto alikwishashika njia zake, na sisi tumwache huko huko.

Nyuma ya stendi palikuwa na duka, ghala hasa, la bati juu na bati ubavuni. Jina lake la kwenye ubao hakuna aliyejisumbua kulisoma. Watu waliliita Bwerere. Humo hamna rafu. Maboksi yamechanwa ubavu na kupangwa sakafuni, unainama, unachagua, unatia kwenye kikapu ulichotoka nacho kwako, unamlipa mama mmoja aliyekaa juu ya kreti ya soda ambaye hajawahi kumtazama mtu usoni. Unga uliopasuka mfuko, robo ya bei. Mchele chenga, nusu. Makopo ya nyanya yaliyobonyea, biskuti zilizovunjika, sabuni zilizotoka uchi bila karatasi. Kwa miaka sita Bwerere ndiyo iliyoiweka sufuria yao mekoni, na hilo tusilifiche kwa sababu ya yaliyokuja baadaye.

Kasoro zake nazo Bi Tega alizijua. Kiberiti cha Bwerere, njiti kumi zinakohoa, moja inawaka. Dawa ya meno ina ladha ya chaki. Tarehe zimekwanguliwa kwa kucha, maandishi mengine ni ya nchi ambazo hata ramani ya darasa la nne haikuwa nazo, na ukitaka kuuliza, umuulize nani? Yule wa kreti atakwambia kimeuzwa, basi kinaliwa. Bintiye alikuwa akimtania kwamba majani ya chai ya Bwerere yanatia rangi tu, harufu kila mtu aje na yake. Walicheka, wakanywa.

Isipokuwa jambo moja. Mtoto alipofika miezi mitatu, binti alipata jipu la ziwa, akapasuliwa, maziwa yakakauka. Hospitali wakawaandikia maziwa ya kopo, kopo la bluu lenye kifuniko cheupe, la duka la dawa. Bei yake ilimfanya Bi Tega akae chini. Siku hiyo binti alimshika mkono mama yake akamwambia, "Mama, kila kitu kanunue Bwerere, hata nguo yangu ya kuzikiwa. Maziwa ya mtoto, hapana. Nakuomba hilo moja tu."

Bi Tega aliitikia. Na kwa wiki sita alilitimiza, tena kwa haki.

Kisha siku moja wanawake wawili wa pasi wakamleta binti nyumbani wamemshika makwapa. Alikuwa ameanguka juu ya meza ya kupigia pasi, na mkono ulikuwa na alama ya moto kuanzia kiganja mpaka kifundo. Mmoja wao alimvuta Bi Tega pembeni akamnong'oneza kwamba mwanawe huyu saa ya chakula hunywa maji ya bomba, na akiulizwa husema kafunga. Bi Tega akakumbuka. Kila jioni binti alisukuma sahani upande wa mama yake akisema amekula kazini, ameshiba mpaka hapa. Amekula kazini nini, mvuke wa mashuka?

Kesho yake Bi Tega alikuwa Bwerere ameinama juu ya boksi. Ndani yake mlikuwa na pakiti za unga mweupe, laini, zinazong'aa kwa ndani kama fedha. Maandishi yalikuwa kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Hakuambulia herufi hata moja. Lakini picha aliiona: ng'ombe amesimama kwenye majani, na ndama chini yake ananyonya. Sasa ndama ananyonya, hayo ni nini kama si maziwa ya kitoto? Alimuuliza wa kreti kama yanafaa kwa mtoto mchanga. Wa kreti alihesabu chenji akasema, "Mama, yanauzwa, yananunuliwa." Pakiti nne zilikuwa chini ya bei ya kopo moja.

Kopo la bluu lilipokwisha hakulitupa. Alilikausha juani, akamimina unga wa ng'ombe na ndama, akafunika kifuniko cheupe. Tofauti ya bei ikawa mayai, ikawa maharage, ikawa maini mara moja kwa wiki. Akawa anamkalia bintiye mbele mpaka sahani itakate. Wiki ya tatu mashavu ya binti yalianza kurudi, na Bi Tega alijiambia amepika kwa chungu kimoja watu wawili wakashiba.

Na mtoto je? Mtoto alinenepa. Nakuapia, alinenepa. Zamani majirani walimwita Kidole kwa udogo wake. Sasa mwuza mkaa ndiye aliyembandika jina la Bonge. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa, vikuku vya shanga vikabana. Kilio kikapungua. Watoto wa wenzao walipiga kelele mpaka bati likatetemeka, lakini Bonge alilala kimya akitazama dari, na Bi Tega alijisifu kwa watu kwamba ana mjukuu mwenye akili ya mtu mzima. Nywele zilipobadilika rangi zikawa nyekundunyekundu kama nyuzi za mahindi, alisema ni za ukoo wa baba. Ngozi ilipoanza kubanduka mapajani, alipaka mafuta.

Asubuhi moja Bonge hakulifumbua jicho la kushoto, kwa uvimbe. Binti akaomba ruhusa kazini, wakaenda hospitali.

Nesi alipotaka kadi ya kliniki, Bi Tega aliitoa kwenye mfuko wake mdogo wa kung'aa. Mfuko huo, wacha nikwambie sasa, ulikuwa pakiti ya Bwerere iliyogeuzwa ndani nje, ikaoshwa na kukunjwa vizuri, maana yeye hakuwa mtu wa kutupa kitu kisichovuja. Nesi alimwinua mtoto mguu, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akaachia. Kile kishimo kikabaki pale pale, kama ulivyobonyeza unga wa chapati. Nesi akamwita daktari.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Naye alibonyeza, akatazama nywele, akafunua mapaja. Akawaeleza kwamba huu si unono, ni maji, na mwili wa mtoto umeishiwa lishe. Akauliza anakula nini. Binti akafungua kikapu akatoa kopo la bluu, akaliweka juu ya meza kwa mikono miwili kama mtu anayetoa hati ya nyumba. Alisema wanajinyima kila kitu, lakini hili halijawahi kukosekana.

Daktari alilitazama kopo, akamtazama mtoto, ikawa kama hesabu mbili zisizokubaliana. Akamgeukia Bi Tega, maana ndiye mwenye kuyachanganya.

"Bibi, siku zote ni haya haya?"

Bi Tega alifungua mdomo. Kabla hajatoa neno, binti alikwishamjibia, tena kwa fahari, kwamba ni haya haya, hela anampa yeye mwenyewe kila anapolipwa, na mama yake si mtu wa kuchezea chakula cha mjukuu. Daktari bado alimkazia bibi macho. Bi Tega akakunja mfuko wake wa kung'aa mara mbili, mara tatu, akautia kifuani. Kimoyomoyo alijitetea kwamba maziwa ni maziwa, ng'ombe ni ng'ombe, na ugonjwa una njia zake nyingi.

Daktari akaandika. Kama maziwa ni sawa, alisema, basi tatizo litakuwa figo, au moyo. Watatoa damu kwanza, halafu yeye atawatafutia nafasi hospitali kubwa. Akaongeza, akiwa tayari mlangoni, kwamba wakati huo wasiache kumlisha, wampe maziwa yake kama kawaida.

Walipewa kitanda cha dirishani. Damu ilitafutwa mkono wa kulia, ikatafutwa mkono wa kushoto, ikapatikana kichwani. Bonge hakulia. Hilo ndilo lililomfanya binti azibe masikio, kana kwamba amesikia kelele.

Bi Tega aliomba kutoka amletee bintiye chai. Ukweli ni kwamba miguu haikutaka kukaa pale. Nje ya geti mama mmoja alikuwa na meza yake ya chai, birika juu ya jiko, vikombe vimefunikwa kwa kitambaa. Alimimina chai nyeusi, akainama chini ya meza, akatoa pakiti, akakung'uta unga kikombeni. Chai ikawa nyeupe.

Kwenye pakiti, ng'ombe alisimama kwenye majani. Ndama alikuwa ananyonya.

Bi Tega alimuuliza polepole, kama anayeuliza njia, hayo ni maziwa gani.

"Maziwa wapi, bibi," wa chai alicheka. "Huu ni wa kuidanganya chai ijione ina maziwa. Mafuta na sukari tu. Nauchukua Bwerere kwa katoni, wenyewe walinambia ni wa vibanda vya chai. Maziwa kwa bei hii ungeyapata wapi?"

Akampa kikombe. Bi Tega alikipokea, akaondoka bila kulipa, akaitwa, akarudi akalipa, akaondoka tena akakiacha mezani.

Toka geti mpaka wodi ni hatua labda mia mbili. Alizitembea kama anayevuka matope. Wiki kumi, alijiambia. Mara nne kwa siku. Aliona mkono wake mwenyewe ukichota, ukilinganisha kijiko kwa kisu ili kisizidi wala kisipungue, ukitikisa chupa, ukidondoshea tone nyuma ya kiganja kupima joto. Alivyokuwa mwangalifu. Na akaona mbele: akisema, mwanawe atamtazama kwa jicho gani? Hatamwachia tena mtoto hata kwa dakika ya kwenda msalani. Hatakula tena yai bila kujua limetoka mdomoni mwa nani. Labda anyamaze, anunue kopo la kweli leo hii, auze hata cherehani, mtoto apone, iishe. Lakini cherehani haiuziki kwa saa moja, na daktari alikuwa anatafuta ugonjwa wa figo.

Alipoingia wodini alimkuta binti ameinamia kitanda, anazungumza na mtoto kwa sauti ya chini. Alikuwa anaomba msamaha.

"Ni mimi, mama," alisema alipomwona. "Nimefikiri sana. Ile wiki ya jipu nilimnyonyesha kabla sijajua. Alikunywa usaha. Umekwenda kwenye figo. Nimemuua kwa ziwa langu mwenyewe." Machozi hayakutoka; alisema kama anayesoma orodha ya nguo. Kisha akanyoosha mkono wake wenye kovu la pasi, akachukua chupa, akafungua kifuniko cheupe cha kopo, akachota kijiko cha kwanza. "Daktari kasema asikose maziwa. Angalau haya hayana dhambi."

Kijiko cha pili. Cha tatu. Aliongeza maji ya chupa ya chai, akatikisa, akadondoshea tone nyuma ya kiganja, vile vile alivyofundishwa na mama yake.

Mlangoni daktari alikuwa anaingia na bahasha ya kwenda hospitali kubwa.

Bonge alisikia mtikisiko wa chupa akageuza shingo. Jicho moja lililofumbuka liliiona, na midomo ikaanza kutafuta.

Bi Tega aliishika chupa. Hakuivuta, aliishika tu, kiganja chake juu ya kiganja cha mwanawe, mpaka chuchu ya chupa ikasogea mbali na midomo ya mtoto. Kwa mkono wa pili alitoa kifuani ule mfuko wa kung'aa. Akaitoa kadi ya kliniki, akaiweka kitandani. Akaingiza vidole mpaka chini ya mfuko, akaugeuza taratibu nje ndani, kama anavyogeuza mkono wa gauni lililokwisha kushonwa, hadi ng'ombe akatokea, na ndama akatokea. Akaulaza kando ya kopo la bluu.

Binti aliangalia picha ile. Akaangalia kopo. Alikuwa mwepesi wa kutegua, alirithi kwao.

Daktari alisimama na bahasha yake mkononi, hakuuliza mara ya pili.

"Hapana, daktari," Bi Tega alisema. "Si haya haya. Kopo ni lile, ndani ni haya, ya Bwerere. Nilimimina mimi, wiki ya kumi leo. Mwanangu hajui."