Krosi ya Dougie

Neville Tattersall alinyoa ndevu mara mbili asubuhi ile, na mara zote mbili akajikata. Klabu ya soka ya Harbeck ilikuwa imempigia simu. Wakati wa mapumziko ya mechi ndiye angemkabidhi Dougie Crabtree picha kubwa ya goli lake, mbele ya watu elfu nne, maana wawili hao ndio waliokuwa mawinga wa kikosi kilichopanda daraja mwaka 1984. Dougie kulia, Neville kushoto.

"Miaka arobaini bado unamnunia mtu," mkewe Maureen alimwambia. "Kama huwezi kufunga mdomo, baki hapa umalizie vigae vya bafu letu."

"Nitasema kweli tu."

"Ndicho ninachokiogopa."

Kweli yenyewe ilikuwa hii. Goli lile la dakika ya mwisho, ambalo mji mzima ulilisimulia kama shuti la ajabu, halikuwa shuti. Ilikuwa krosi, pasi ya juu ya kutoka pembeni, iliyomponyoka Dougie mguuni ikaingia wavuni. Alikiri mwenyewe siku ile ile, wamejitosa kwenye bafu kubwa la wachezaji, maji meusi kwa matope. Kwa krosi hiyo alinunuliwa na timu ya daraja la juu, akacheza huko miaka kumi na mmoja, akavaa jezi ya England mara mbili. Neville aliachwa msimu uliofuata kwa barua ya mistari mitatu. Tangu hapo anabandika vigae kwenye mabafu ya watu, na wenye nyumba humletea chai na swali lile lile: "Eti ulicheza na Dougie? Yukoje?"

Walikutana kwenye njia ya kuingilia uwanjani, mvua ikinyesha. Dougie alikuwa na nywele zake zote. Hata goti halikumchechemesha. Neville alilitazama goti lile kwa chuki.

"Nev! Mzee wangu! Bado wanakuruhusu kutoka nyumbani?"

"Kwa saa mbili tu," Neville alisema.

Wakatembea mpaka katikati ya uwanja. Mashabiki wakasimama na pai zao mikononi, wakaimba jina la Dougie. La Neville hakuna aliyeliimba. Akapewa kipaza sauti.

"Nina neno moja," alisema. "Goli hili halikuwa shuti. Ilikuwa krosi. Aliniambia mwenyewe."

Jukwaa la nyuma ya goli likalipuka kwa kicheko.

"Hata bibi yangu anajua hilo, Nev!" mtu alipiga kelele.

Dougie naye alicheka hadi akainama. Akachukua kipaza sauti. "Kweli tupu, jamani. Nilikuwa nampigia huyu hapa, kwenye nguzo ya mbali ya goli."

"Sasa mbona hakufika?" yule mtu aliuliza. "Alikwenda kununua pai?"

Kicheko kikarudi. Neville alijua kwa nini hakufika. Dakika ile alikuwa amesimama mikono kiunoni, amenuna, kwa sababu Dougie alikuwa amemnyima pasi mara mbili. Mpira ulipita pale ambapo kichwa chake kingekuwa, kama angekimbia tu. Alidhani hakuna aliyeona. Sasa alimtazama Dougie usoni akajua kwamba Dougie aliona, na alikuwa amejua siku zote.

Alifungua mdomo aseme. Dougie akamwahi.

"Alivutwa jezi!" Dougie alisema. "Beki wao alimng'ang'ania kama mkwe mdai mahari. Nilimwona kwa macho yangu. Penalti ya wazi!"

"Penalti! Penalti!" watu elfu nne wakaimba, wakinyoosha vidole kuelekea goli kwa utani. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu avue jezi, Neville alisikia jina lake likiimbwa kutoka majukwaa yote manne.

"Kwa nini umesema hivyo?" alinong'ona.

"Wapungie mkono, Nev. Wanakusubiri."

Neville alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa wema. Angemsamehe Dougie kama angemuumbua. Hili hakuweza kulisamehe.

Akainua mkono akawapungia. Shangwe ikapanda, ikawa tamu, na utamu huo ukamchoma, kwa kuwa hata huu nao ulikuwa mpira wa Dougie, umepimwa vizuri mpaka miguuni pake. Safari hii tu ndiyo hakuuacha upite.