Ndoo ya Koko Jeannette

Inzi walimpokea Divine kabla hajafika hata kwenye kona ya kwanza. Alisimama katikati ya kinjia, jembe begani, akaziba pua kwa ncha ya kitenge. Jana tu, Jumamosi ya salongo, majirani wote walikuwa wametoka kufanya usafi. Walifyeka, wakafagia, mpaka mto Lualaba ukaonekana wote, mpana na mtulivu, na mtaa wa Alunguli ng'ambo yake. Leo matumbo ya samaki yalikuwa yamemwagwa palepale, yamevimba, yanateleza, funza wakichezacheza ndani yake.

Ilikuwa mara ya tatu. Na Divine, aliyerudi Kindu na diploma yake, alitaka jambo moja tu: kutembea na bibi yake, Koko Jeannette, kando ya mto, kutoka nyumbani hadi kivukoni, kabla miguu ya mzee huyo haijakataa kabisa. Kila akimwomba, koko alijibu, "Kule kunanuka."

"Muchafu huyo nikimushika, nitamulambisha!" Divine alifoka.

Jirani yao Roger, aliyekuwa akipita na nyavu zake, alicheka. "Mademuazeli wa universite! Hapa pananuka tangu sijaoa. Wewe fagia, mwenyewe atarudisha."

"Mwenyewe nani?"

Roger aliacha kucheka. "Uliza kwenu," akasema, akaenda zake.

Kesho yake, kulipoanza kupambazuka, Divine alijibanza nyuma ya zizi la mbuzi. Harufu ilitangulia. Kisha akamwona koko mwenyewe, mgongo umepinda, ndoo mkononi, akishuka polepole kuelekea kinjia.

"Koko! Kumbe njo wewe?"

Mzee hakushtuka. "Sauti chini, mutoto."

"Mara tatu nimefagia kwa mikono yangu! Ninatapika, ninaoga, harufu haitoki! Na kumbe uchafu iko inatoka kwetu?"

"Njia safi njo inaleta mabuti," koko alisema.

Akaweka ndoo chini, akaeleza, macho yake yako mtoni. Zamani kinjia hicho kilikuwa fahari ya wanawake wa mtaa. Walikifagia kila asubuhi. Vita vilipokuja, wenye bunduki waliposhuka kwenye mitumbwi walikipenda pia. Mwaka wa tisini na tisa walipanda nacho, wakamchukua Claudine, binti yake mkubwa. Alirudi baada ya siku nne. Aliishi wiki mbili.

"Hatukuitana mukutano," koko alisema. "Kila nyumba ilimwaga yake. Matumbo ya samaki, mavi ya mbuzi, maji ya mihogo ya kuoza. Wakafika, wakaangalia mabuti yao, wakatema mate, wakazunguka njia ya juu. Mama yako alikuwa na miaka kumi na sita, ndani ya nyumba hii, nyuma ya harufu hii. Njo maana wewe uko."

Vita vilipoisha, nyumba nyingine ziliacha. Yeye hakuacha.

Watu wale hawakuona kinyaa kumshika mtoto wa mwenzao, lakini walikiona kukanyaga utumbo wa samaki. Divine alitema mate, mara mbili, safari hii si kwa sababu ya ndoo, kama aliyelishwa kitu kibovu.

Kisha akainama, akashika upande mmoja wa mkono wa ndoo.

"Tutembee nayo, koko. Tukiona buti, hata moja, wewe mwaga."

"Mupaka kivukoni?"

"Mupaka kivukoni."

Wakaenda. Jua lilitoka juu ya Alunguli, maji yakawaka, na pua ya Divine haikupata nafasi ya kufurahia lolote. Kila kona koko alisimama kwanza, akachungulia. Walikuta wasichana wawili wakifua nguo, peku. Walikuta bata. Kivukoni walimkuta Roger.

"Mama Jeannette, unatuletea nini na harufu yote hiyo?"

"Pita na samaki zako," koko alimjibu. "Hii si yako."

Walirudi vilevile, kona kwa kona. Kwenye ua koko aliitua ndoo. Ilikuwa imejaa kama ilivyotoka, isipokuwa maji machache yaliyomrukia Divine mguuni.

"Na kesho?" Divine aliuliza.

Koko alivuta pumzi, akakunja uso kama anayeisikia harufu ile kwa mara ya kwanza.

"Kesho tutaibeba tena," alisema. "Tutaona."