Wageni wa Mwaitu

Nyumba aliyoijenga babu wa baba yangu kabla reli haijafika Konza sasa ni makumbusho, nami ndiye ninayetembeza wageni humo. Jana nilimleta mama, ambaye siku hizi anasahau. Alivuka kamba, akaketi kando ya mafiga aliyopikia tangu alipoolewa.

"Hawa wageni wanaenda lini niwashe moto?"

"Wakishiba picha, Mwaitu."

Watu wakacheka.

Walipotoka, akaanza kutafuta kuni. Moto hauruhusiwi humo. Nikamtoa nje taratibu, nikafunga mlango. Akanipa mkono kwa heshima.

"Asante, mwenye nyumba. Acha niende kwetu, niko na mtoto ananingoja."

Mimi, mtoto wake wa pekee, nilitafuta mzaha wa kumjibu, nikaukosa.