Msumari wa Chuma

Mpima miti aliposikia msumeno wa mnyororo ukinguruma bondeni, alijua ni kaka yake, na alijua mti gani. Akatupa daftari, akatimua mbio.

Kanuni ya hifadhi ilikuwa moja: kibao cha namba kipigiliwe kwa msumari laini wa alumini, ili siku msumeno ukipita hapo, asiumie mtu. Lakini misumari ile ilikuwa ikipinda kwenye mvule mgumu, naye mpima miti hana subira hata ya kuchemsha maji. Akapigilia wa chuma, akauzamisha wote. Kaka mtu, kama wezi wote wa mbao, aling'oa kibao bila wasiwasi, msumari ukabaki ndani ya mti. Nani asiyejua kwamba misumari ya hifadhi ni laini?

Miiba ilimrarua mpima miti mikono akikimbia. Juu, mbega walikuwa wakirukaruka kwa hofu, na hondohondo dume alizunguka kilele akilia, maana jike na makinda walikuwa wamezibwa kwa udongo, kama ilivyo desturi ya ndege hao wakilea, ndani ya tundu la mvule uleule.

"Zima! Kaka, zima msumeno!"

Kaka mtu aligeuka. Juzi tu walikuwa wameshikana mashati mbele ya mama yao, na mdogo akaapa kumtia pingu kwa mkono wake mwenyewe.

"Thubutu! Utanikuta nimeshamaliza!" akafoka, akaukandamiza msumeno kwa nguvu zote.

Cheche ziliruka. Mnyororo ukakatika, ukamchapa ubavuni mwa shingo, na damu ikaruka hadi kwenye majani. Mvule, uliokwisha kukatwa zaidi ya nusu, ukalia na kuanza kulala. Mpima miti alimkamata kaka yake kwapani, akamburuta. Mti ukaanguka nyuma yao kwa kishindo, ukapasuka penye tundu, na jike la hondohondo likatoka limepondeka pamoja na makinda yake.

Alivua shati akalikandamiza jerahani. Likalowa papo hapo.

"Si laini... misumari yenu?" kaka akauliza. "Nani kapigilia chuma?"

Mpima miti akazidi kulikandamiza shati. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Sijui, kaka."

Kaka yake akamwamini. Akamshika mkono kwa vidole vilivyoanza kupoa.

"Mtafute huyo mtu, mdogo wangu. Usimwache."

"Sitamwacha," akasema.