Rambirambi za Harshida

Winifrida alikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, na ungemsikia anavyokitaja ungedhani ni digrii. Ndiyo maana Pranav, kijana wa mwenye duka, aliposema anatafuta fundi wa kuihamisha blogu ya kampuni, Winifrida alidakia kabla kijana hajamaliza.

"Fundi wa nini, kaka? Si mimi nipo!"

Duka lao la jumla la khanga na vitenge lilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na blogu ndiyo iliyowaonyesha wateja wa mikoani doti mpya kabla hawajapanda basi kuja kununua. Mwaka ule wa 2009 Pranav alikuwa amepata anwani mpya, fupi, yenye jina la duka, na kukodi nafasi kwenye seva nyingine, maana ile ya zamani ilikuwa inazimika kila wakati. "Hamisha, kagua kila kitu, halafu ndiyo ufute ya zamani," alimwambia. "Usikimbilie kufuta."

Yeye akakimbilia. Alihamisha makala, akahamisha picha, akafungua anwani mpya na kuona khanga zinang'aa kama zimetoka kupigwa pasi. Akafuta kila kitu kwenye seva ya zamani siku hiyohiyo, ili jioni aseme kazi imekwisha, asifiwe. Akasifiwa kweli, tena mbele ya watu.

Kesho yake asubuhi Mzee Vallabhdas, baba yake Pranav, akaja na kikombe chake cha chai, akavuta kiti kando ya kompyuta kama kawaida yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya binti, nisomee."

Mkewe, Harshida, alikuwa amefariki mwaka uliopita, miezi kadhaa kabla Winifrida hajaajiriwa. Pranav alitangaza msiba kwenye blogu, na chini ya tangazo wateja arobaini na wawili wakaandika rambirambi zao, kuanzia Masasi na Kigoma mpaka Lubumbashi. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, hawezi kusoma, hivyo kila asubuhi Winifrida alimsomea mbili tatu. Mzee alisikiliza, kisha akaenda kufungua marobota.

Winifrida akateremsha ukurasa. Tangazo lilikuwepo. Picha ya marehemu ilikuwepo. Chini yake, patupu. Maoni ya wasomaji yalitakiwa kuhamishwa peke yake, naye hakuyagusa.

Jasho likamtoka na panga boi linazunguka juu ya kichwa chake. Hapo ndipo angesema. "Mzee, nimeharibu," maneno mawili tu, na mengine yangefuata. Lakini mtu aliyesifiwa jana jioni anaona tabu kukiri leo asubuhi, basi akakodolea kile kioo kitupu, akasoma kwa kichwa: "Pole sana mzee wetu, mama alikuwa mtu wa watu."

Mchana alijificha stoo, akawapigia simu wenye seva ya zamani. Wakamjibu kwamba alichokifuta mwenyewe hakirudi.

Kwa siku nne kumbukumbu ilimbeba. Ilipomwishia, akaanza kubuni. Asubuhi moja akamtungia Mwanamkuu, mteja wao wa siku nyingi kutoka Masasi, maneno haya: "Sitasahau mama alivyokuwa akicheka, amefunika mdomo kwa pindo la sari."

Mzee akageuka. "Hebu rudia hapo."

Akarudia. Tangu siku hiyo mzee hakutaka nyingine, na kila asubuhi Winifrida aliisoma. Alijichukia.

Wiki mbili baadaye Mwanamkuu mwenyewe akaingia dukani, mtu mzima, ushungi umemkaa vizuri. Mzee akampokea kwa mikono miwili, akamkalisha juu ya robota.

"Umekuja wakati mzuri! Winifrida, msomee mama maneno yake."

Winifrida akaanza, "Sitasahau mama alivyokuwa..." Akainua macho. Mwanamkuu alikuwa ameshangaa, anatafuta kichwani aliandika hayo lini, na taratibu akawa anatikisa kichwa kukubali, ili tu asimwaibishe mzee. Hilo ndilo lililomshinda Winifrida. Mama wa watu anaingizwa kwenye uongo usio wake.

"Hakuna kitu hapa, mzee," alisema. "Rambirambi zilifutika zote siku ile ya kuhamisha. Nilifuta mimi. Nimekuwa nakusomea za kichwani."

Mwanamkuu akatazama chini. "Mimi niliandika pole tu, kaka," alisema polepole. "Nikawaombea subira."

"Na ile ya kucheka?" mzee akauliza.

"Nilibuni. Mama sikuwahi hata kumwona."

Alingoja kelele. Alingoja afukuzwe, na moyoni aliomba afukuzwe upesi aondoke mbele ya macho yale. Mzee akaweka kikombe chini, akakipapasa kuhakikisha kimekaa.

"Harshida alikuwa hafuniki mdomo," alisema. "Alikuwa anacheka wazi, mpaka duka la pili wanasikia. Nilipokusikia nikasema, labda kwa wateja alikuwa anacheka hivyo, mimi niko nyuma na mizigo, sikumwona. Nikajilaumu. Sasa nikifumba macho, ananijia amefunika mdomo."