Jina la Mama Yake

Ati sheria imemlinda mtoto. Walitundika pazia la buluu kati ya kizimba na kiti cha Wamucii, ili asimwone Moffat, baba yake mdogo. Wasikilizaji wakatolewa nje. Mimi ni tata yake, dada ya mamake, nikaruhusiwa kuketi kando yake nimshike mkono. Ana miaka tisa. Asiposema leo, huyo mwanamume anarudi Tetu kulala boma moja naye.

Kiongozi wa mashtaka aliuliza polepole, "Nani alikuja jikoni siku hiyo, mama akiwa sokoni?"

Wamucii akafungua mdomo. Nyuma ya pazia mtu akakohoa, kisha akasema kwa upole kabisa, "Maitu."

Maitu ni mama. Kwetu msichana hupewa jina la shosho yake, mama ya baba yake, na watoto wa yule shosho humwita msichana huyo mama hata akiwa bado ananyonya. Moffat amemwita hivyo tangu azaliwe. Jikoni pia alimwita hivyo. Na ukoo mzima umekuwa ukimwambia mtoto neno moja tu: mama hamfungi mwanawe. Shenzi. Hilo pazia limeziba macho, masikio je?

Mkono wake ulilegea ndani ya wangu. Akafunga mdomo.

Hakimu, mtu wa Bungoma asiyejua mila yetu ya majina, alidhani jamaa analilia mamake tu. Nilisimama bila ruhusa nikamweleza anayeitwa ni nani. Walinitisha niketi, sikuketi. Hakimu akaagiza Moffat apelekwe chumba kingine na wakili wake abaki.

Mlango ulipofungwa, Wamucii alisema yote. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na sioni haya.

"Na mimi si mama yake," akaongeza, bila kuulizwa.

Huko nje shosho yake, yule mwenye jina, alitupita kama asiyetujua. Nilimwacha aende. Mtoto alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.

"Wamucii, twende tunywe chai."

Hakugeuka. Nikaita tena.

"Tata, usiniite hivyo," alisema. "Hilo ni jina la mama yake."

Nilibaki nimesimama hapo langoni, sina lingine la kumwita.